Meza ya Asubuhi Isiyo na Mkate

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mahoteli ya Rusumo na Kabanga, marahaba. Nimeitikia kabla hamjaniamkia, maana najua wengine mngesahau.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka hotelini kwao nikaone wanavyotandika meza ya asubuhi, ile ambayo mgeni anachukua sahani na kujipakulia mwenyewe. Nikaizunguka yote. Mkate wa kukata, soseji, mayai yaliyokauka kama kandambili, vipande vya tikiti maji. Nikamwuliza, "Na chakula kiko wapi?" Akacheka. "Bibi, hivi ndivyo wageni wanavyopenda." Sikumjibu pale kwa sababu mkubwa wake alikuwa amesimama karibu, na mimi simwaibishi mtu kazini kwake. Namjibu hapa, na ninyi wengine msikie.

Nilipika katika nyumba ya wageni ya serikali pale Biharamulo tangu binti yangu Yozefa akiwa mgongoni mpaka akawa na mtoto wake mgongoni. Shule yangu ni kile kisomo cha watu wazima cha jioni, basi. Herufi zangu zikipinda, ninyi nyoosheni.

Aliyeniingiza kazini ni Mzee Kagaba, msimamizi wa nyumba ile. Alikuwa mdogo wake baba wa marehemu mume wangu, kwa hiyo kwangu ni baba mkwe, hakuna mjadala. Leo mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnatafuna karanga pamoja. Kwetu Wahangaza wa wakati ule mwanamke hakutafuna kitu mbele ya baba mkwe wake. Asiuone mdomo wako ukicheza. Ni heshima, na ilikuwa na uzito kuliko hati ya ndoa.

Sasa fikirini: mpishi anaonja kutwa nzima, na msimamizi anaingia jikoni kutwa nzima. Tungefanyaje? Mzee Kagaba akawa anakohoa. Akitoka ofisini kwake anakohoa, akifika kwenye pipa la maji anakohoa tena, akifika mlangoni mimi nimeshameza. Wageni walimhurumia kifua, mmoja akamletea hata dawa. Siku moja upepo ulikuwa mkali sikumsikia, akaingia nina kiazi kitamu cha moto mdomoni. Nilikimeza kizima. Machozi yakanitoka. Akaniuliza, "Mkwe, unalia nini?" Nikasema ni moshi. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa upande huo. Akatazama jiko, akatazama dirisha, akatoka. Tangu hapo akawa anakohoa na kugonga pipa.

Asubuhi yetu siku hizo ilikuwa chai, mkate na siagi ya kopo. Mkate ulitoka Mwanza juu ya basi. Ukifika umekuwa mgumu, tunaupitisha juu ya makaa ili mgeni adhani ugumu ni wa kuchomwa. Nilijivunia mkate ule. Mtu akila mkate kwangu niliona amekula cha maana. Ndizi na viazi vilikuwa vya kwetu jikoni.

Ndipo wakaja Wajapani watatu, kupima barabara na kuangalia mahali pa kuvukia mto kule Rusumo. Wakakaa kwetu kiangazi chote. Mkubwa wao aliitwa Bwana Tanabe, mtu mfupi, msafi, anaoga maji ya moto hata jua likiwaka. Kiswahili alikijua kidogo. R na l alizichanganya, na sisi wengi wa huku tunazichanganya, kwa hiyo hakuna aliyemsahihisha. Alisema "wari", nasi tukasema "wari", akaenda zake akijua amefaulu.

Asubuhi ya siku zake za mwanzo aliniita mezani.

"Mama Yozefa, mkate huu unatoka wapi?"

"Mwanza, bwana."

"Na siagi?"

"Hiyo imeandikwa kwenye kopo. Sijui kusoma Kiingereza chake."

"Na kahawa?"

"Hatuna kahawa. Ya huku inapelekwa nje."

Akaweka kisu chini. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyepotea njia. "Sasa Biharamulo yenyewe iko wapi mezani?"

Nilirudi jikoni nimenuna. Nilidhani ananitukana.

Jioni akaja na penseli, akakaa kwenye gogo nje ya mlango, akanieleza. Kwao alikuwa anasafiri sana kwa kazi, mji hadi mji, na alichagua hoteli kwa meza yake ya asubuhi. Vyumba vyote vinafanana, alisema, kitanda ni kitanda, lakini meza ya asubuhi inakuambia umefika wapi. Akanichorea. Kaskazini kwenye baridi wanakuwekea mayai ya samaki, mekundu, juu ya wali. Mji mwingine ni samaki wa kuchoma na chumvi. Mwingine utando unaoelea juu ya maziwa ya soya, wanauinua kwa kijiti. Kuna tunda dogo la chumvi, ukilitia mdomoni jicho moja linafumba lenyewe. Hapo akalifumba la kwake nilione. Kuna majani ya baharini yaliyokaushwa kama karatasi. Mtu mzima, alisema, anaamka mapema kuliko kazi inavyomtaka, anashuka na kuzunguka meza polepole akiwa na sahani, hana haraka, anachukua kidogo cha hiki na kidogo cha kile. "Ndiyo furaha ya safari," alisema. "Kazi ni baadaye."

Nikamwambia wali na samaki asubuhi, kwetu, ni kiporo cha harusi. Akacheka mpaka penseli ikadondoka.

Kitu kimoja tu kilituingiza matatani. Alisema kwao kuna maharage yanayovundikwa mpaka yananuka na kuvuta nyuzi kama mlenda, nayo ndiyo wanayala asubuhi. Sikushangaa kama alivyotarajia. Sisi tunavundika mihogo mpaka inanuka, ndipo inafaa. Akafurahi, akaomba ruhusa ajaribu. Soya tulipata kwa akina mama waliopewa mbegu na zahanati wapande kwa uji wa watoto. Akaichemsha, akaifunga kwenye mabua makavu ya mpunga, akaiweka nyuma ya jiko palipo na joto.

Mzee Kagaba alikohoa, akagonga pipa, akaingia, akasimama. "Mkwe, humu kuna panya amekufa."

"Hapana, baba."

"Nimeishi na panya tangu nizaliwe. Huyu amekufa siku tatu."

Akainamisha mwili mzima chini ya meza, akahamisha magunia, akachokoa nyuma ya jiko kwa fimbo, na fimbo ikatoka na kile kifurushi. Bwana Tanabe akaja mbio kama anamwokoa mtoto. Akakifungua, akakoroga, nyuzi zikavutika mpaka kifuani, akala mbele yetu amefumba macho. Mzee Kagaba akanong'ona kwa Kihangaza, "Huyu mtu amekosa mama wa kumkataza." Mimi nilionja baadaye, mzee alipoondoka. Si mbaya. Inataka chumvi.

Jumapili moja Bwana Tanabe aliniomba nitandike meza kama ya kwao, lakini kwa vyakula vya huku. Nikatandika: ndizi za kupika kutoka Ngara, viazi vitamu kutoka Nyabusozi, maboga, maharage, samaki wa ziwani wa kuchoma, uji wa mtama, mtindi, asali ya msituni. Na nikafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Nilifunika kila kitu. Vikapu vyenye mifuniko, majani ya mgomba, vitambaa. Chakula cha heshima kwetu hakikai uchi, mtu akipita asikitie jicho.

Wageni wengine siku ile walikuwa karani wa mahakama na bwana shamba. Wakaja, wakasalimia, wakakaa. Wakangoja. Mgeni wa heshima hafunui kikapu nyumbani kwa mtu. Akifunua ni kama amesema mwenyeji mchoyo. Nami nikangoja jikoni, nikidhani hawana njaa. Bwana shamba alisoma gazeti kuukuu mpaka akalimaliza, akaligeuza akaanza upya. Bwana Tanabe akaja wa mwisho, ametoka kuoga, akaenda moja kwa moja mezani akaanza kufunua. Kila akifunua anasema "Ooo!" Wale wawili walimtazama kama ameingia chumba cha maharusi.

Baadaye alinifuata. "Mama, chakula chako kilikuwa kimelala. Kwetu mpishi anasimama pale mwisho wa meza, anasema: hiki ni hiki, kimetoka pale. Mgeni akisikia jina anapata ruhusa."

Hayo yashikeni. Msimtupie mgeni meza halafu mkajificha jikoni na simu. Simama, taja chakula, taja kilikotoka. Kuhusu nzi, mimi nilishona chandarua kuukuu nikakitundika juu ya meza kama pazia. Kuhusu joto, nilijaza karai mchanga, nikaupasha motoni, nikazika vyungu humo mpaka shingoni. Ndizi zinakaa moto tangu alfajiri mpaka mgeni mvivu wa mwisho. Na uji wa mtama koroga unga kwa maji baridi kwanza, usiniletee uvivu wa kumwaga unga kwenye maji yanayochemka.

Kiangazi kilipoisha wakaenda zao na vyombo vyao vya kupimia. Meza tukaiacha, tukarudi kwenye mkate, kwa sababu viongozi waliopita walitaka mkate. Chandarua nikafunikia kuku.

Halafu vikaja vita. Malori ya jeshi yalipita kwenda kaskazini, na kutoka kaskazini watu walishuka na magodoro vichwani. Sukari ikapotea, ngano ikapotea, basi la Mwanza likawa linakuja likitaka. Watu wakawa wanaogopana. Kila kijiji kilikuwa na habari ya mpelelezi aliyetia sumu kisimani au kwenye pombe, ingawa hakuna aliyewahi kumwona aliyekufa. Ukimpa mtu maji njiani, anakutazama kwanza wewe, halafu kikombe.

Wakati huo Mzee Kagaba alituita wafanyakazi wote uani. Alisema kuna mkubwa anakuja kutoka mkoani, analala kwetu usiku mmoja. Ameambiwa nyumba za wageni zisizoweza kulisha wasafiri zifungwe, majengo yawe maghala, na wafanyakazi warudi vijijini kulima. Akamaliza kusema akaniangalia, akaangalia pembeni.

Alijua. Wakati wa operesheni ya vijiji nyumba ya mume wangu ilibomolewa, migomba yetu ikabaki porini inaliwa na nyani, na kwenye kijiji kipya kiwanja walipewa wanaume. Mimi na Yozefa tulikuwa na chumba nyuma ya lile jiko, na shule yake ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Jiko likifungwa, hatuna kwetu.

"Mkwe," akaniuliza, "unga wa ngano umebaki?"

"Hata wa kubandikia bahasha hakuna, baba."

"Basi tumekwisha."

Nikamwambia, "Nipe watu wawili na baiskeli."

Nilichukua chandarua kwa kuku nikakifua. Viazi vikaja, na ndizi, na maboga, na asali. Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka kaskazini na wanawe, tuliyemhifadhi kwenye stoo, akasema senene wameanza kuanguka. Akatoka na wanawe alfajiri, wakarudi na ndoo imejaa. Akawakaanga mwenyewe, hakuniruhusu nishike. Alisema sisi Wahangaza tutawaharibu.

Asubuhi nikatandika. Kila kitu wazi chini ya chandarua, mchanga wa moto, vyungu shingoni. Mkubwa akaja, mtu mrefu wa pwani, mkoba kwapani, pamoja na madereva wawili wa malori ya chakula cha askari. Mzee Kagaba amevaa koti lake la sikukuu. Nikasimama mwisho wa meza nikataja kila kimoja na kilikotoka.

Hakuna aliyeinuka.

"Mkate uko wapi?" mkubwa akauliza.

"Hakuna, bwana. Hiki ndicho cha huku."

Dereva mmoja, Msukuma mnene, akasema bila kuficha, "Mimi chakula kilicholala wazi sili. Siku hizi watu wanawekewa vitu. Juzi nasikia kule mbele dereva mwenzetu..." Hakumaliza, wala hakuhitaji. Mwenzake, aliyekuwa ameanza kuinuka, akakaa tena.

Mkubwa akafunga mkoba wake. Nikaona ghala tayari, magunia yamepangwa mpaka dari.

Kisha akasema, "Kwenu huku si mwenyeji huonja kwanza? Basi aonje aliyepika."

Ni kweli, ndiyo desturi. Anayekupa ndiye hutangulia kuonja, mbele ya macho yako, ujue hakuna kitu. Sikuwa na haki ya kukataa, na nikikataa wote watasema ni sumu. Lakini Mzee Kagaba alikuwa ameketi mbele yangu, hatua chache, ananitazama.

Mkono wangu haukunyanyuka.

"Anaogopa," dereva akasema. "Mnaona? Anaogopa."

Mzee Kagaba akasimama. "Bwana mkubwa, haogopi chakula. Huyu ni mkwe wangu."

"Sasa? Mkwe hali?"

"Mbele yangu, hali."

"Mzee, tuko vitani, wewe unaniletea mambo ya ukwe?"

Mzee alishika kiti chake, akakigeuza, akakaa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Kisha akavuta koti lake la sikukuu akajifunika kichwa chote. Kutoka humo ndani akasema, "Mkwe. Onja."

Nikala. Nilianza na kiazi, nikaja boga, ndizi, maharage, samaki, senene wa yule mama, nikanywa uji, nikalamba asali. Sikuonja kwa ncha ya ulimi. Nilitafuna kila kimoja nikameza, mbele ya wanaume watatu, nimesimama wima, machozi yananitoka, na safari hii sikusingizia moshi. Wote wakawa wanasikiliza meno yangu.

Msukuma ndiye aliyecheka kwanza. "Loo, mama, utatumalizia!" Akainuka na sahani. "Hilo boga nipe mimi, hilo ni la kwetu kabisa." Mwenzake akamfuata kwenye samaki. Mkubwa akaja mwisho, akazunguka meza polepole, kidogo hiki, kidogo kile. Alipofika kwenye senene akauliza, "Hawa panzi wanaliwa?" Yule mama wa kaskazini, aliyesimama mlangoni, akamwambia, "Usiwaite panzi, baba, utakosa." Alikula. Akarudia. Akachovya kiazi kwenye asali, akachovya tena, akasahau mkoba wake sakafuni.

Baadaye ndipo akakumbuka. "Mzee, bado unatazama ukuta?"

Koti likajibu, "Namngoja mkwe amalize."

"Ameshamaliza zamani."

"Aseme mwenyewe."

Nikasema, "Nimemaliza, baba."

Akajifunua, akageuka, jasho linamtiririka. Senene walikuwa wamekwisha.

Mkubwa alipopanda gari akamwambia Mzee Kagaba kwamba ghala watatafuta pengine. Madereva wa malori wawe wanakula hapa, na meza iwe hivyohivyo, na mpishi awe anaonja. Mzee akajibu, "Ataonja, bwana. Mimi nitajua pa kukaa." Gari likaondoka. Nikaenda chumbani nikamkuta Yozefa anafunga daftari zake kwa kamba, maana alikuwa amesikia tunafukuzwa. Nikamwambia azifungue aende shule, amechelewa.

Kesho yake asubuhi, madereva walipokwisha kula, nilikuwa jikoni. Sikusikia kikohozi. Pipa halikugongwa. Nilisikia kiti kinaburutwa nje, kikawekwa karibu na mlango, mgongo wake kwangu. Mzee Kagaba akakaa na sahani mapajani, anatazama barabara. "Mkwe," akasema bila kugeuka, "kaa ule. Niko huku."

Nikakaa upande wa pili wa ukuta, nikala. Miaka yote ile hatukuwahi kula wakati mmoja. Tukawa tunakula hivyo kila asubuhi, yeye nje, mimi ndani, tukizungumza habari za mvua na za vita na za wageni. Vita vikaisha, mkate ukarudi kwenye basi la Mwanza, naye bado anaburuta kiti.

Siku moja akasema kutoka nje, "Mkwe, viazi vya leo ni vigumu."

Nikamwambia, "Viazi ni laini, baba. Ni meno yamekwenda."

Kisha nikaona bakuli linapitishwa mlangoni, mkono tu, uso haupo.

"Basi niongezee uji."